Fizio Anajibu: Yale tunayoyauliza kwa kunong'ona

Habari za mwezi jamani, ni mimi fizio wenu, mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi. Tangu nilipoandika kuhusu maumivu ya shingo meseji zimekuwa nyingi kuliko kawaida, ila kilichonigusa ni kwamba nyingi zinaanza na "samahani dada, naona aibu kuuliza". Basi mwezi huu nimechukua hizo za aibu kwanza. Majina sijaweka, na pale palipokuwa na kitu cha kumtambulisha mtu nimekitoa.

*

"Shikamoo dada. Nina miaka 38, watoto watatu, wote nimejifungua kawaida, wa mwisho ana miaka minne na alikuwa mkubwa, kilo nne na kitu. Tangu huyo wa mwisho nikicheka, nikikohoa au nikipiga chafya mkojo unanitoka kidogo. Naimba kwaya, sa hivi nasimama mstari wa nyuma maana kwenye mapambio ya kuruka siwezi. Navaa pedi kila siku. Mama mkwe anasema ndo uzazi huo, nizoee. Kuna dawa?" Mama wa kwaya, Tabata

Marahaba mdogo wangu. Dawa ya kumeza kwa hiyo ya kwako hamna, ila tiba ipo, na inaanzia hapohapo nyumbani kwako kwenye mkeka.

Nianze na hilo la mama mkwe. Simlaumu, na yeye aliambiwa hivohivo na wakubwa zake. Na mimi nimeambiwa. Nilipojifungua mtoto wa pili nilikuwa nimeshasomea kazi hii, lakini mambo ya nyonga chuoni tuliyapitia juujuu tu, siku moja nimekimbilia daladala na mtoto mgongoni nikahisi maji ya moto yanashuka mapajani. Nikaenda kliniki nikamweleza nesi, akanijibu bila kuinua kichwa kwenye daftari lake, "mama, si umezaa?" Nikarudi nyumbani, nikaanza kujifunga kitenge cha pili ndani ya cha kwanza, nikaishi hivo karibu mwaka mzima, kila nikitoka nahesabu vyoo vilivyoko njiani. Kwa hiyo nikikwambia usizoee nakwambia kwa uchungu. Kitu kuwapata wengi hakukifanyi kiwe sawa. Malaria inawapata wengi na bado tunaitibu.

Huko chini, kuanzia mfupa wa kinena kwa mbele mpaka kwenye kifandugu kwa nyuma, kuna misuli imetandazwa, tunaiita misuli ya sakafu ya nyonga, na katikati yake zinapita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Aliyewahi kulala kitanda cha kamba atanielewa haraka: kamba zikiwambwa vizuri unalala bila kubonyea, zikilegea katikati panazama hata uweke godoro zuri vipi. Sasa mimba imekaa juu ya kamba hizo miezi tisa, halafu mtoto wa kilo nne akapita katikati yake, zimevutika, na nyingine huenda zilichanika. Ukikohoa presha ya tumbo inashuka chini ghafla, misuli ikichelewa kubana au ikibana kidogo tu, mkojo unatoka. Ndo hivo. Sio uchafu, sio kurogwa, na wala sio UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ingawa sitashangaa kama umeshamezeshwa dawa za UTI mara mbili tatu, maana wengi wanaonifikia wameshapitia huko.

Mazoezi yenyewe ya kuijenga misuli hiyo wengi mnayajua kwa jina la Kegel. Ni jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeyaandika mwaka 1948. Tatizo mtu anaambiwa "kafanye Kegel" halafu basi, hakuna anayemwonyesha. Juzi nilikuwa na mama mmoja pale kazini, nimemlaza, nikamwambia haya bana. Akakaza makalio mpaka yakanyanyuka kwenye shuka, vidole vya miguu vimejikunja, mashavu yamejaa pumzi, mishipa ya shingo imemtoka. Kila kitu kilibana isipokuwa kile nilichokitaka, na alikuwa ameshafanya hivo miezi miwili nyumbani akaona hamna faida. Nikamwambia achia vyote, pumua, sasa jifanye uko umekaa mbele ya wakwe na ushuzi unakuja. Akacheka, na hapohapo akaipata, nikamwona usoni kabisa kwamba ameipata.

Basi fanya hivi. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Vuta pumzi tumbo lipande. Wakati unatoa pumzi, funga njia ya haja kubwa kama unazuia ushuzi, endelea mpaka mbele kama unazuia mkojo, halafu vuta kwa ndani na juu. Makalio yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee. Shikilia sekunde unazoweza, hata kama ni tatu, halafu achia yote mpaka uhisi imeshuka, pumzika muda uleule au zaidi, rudia. Usiniruke hapo kwenye kuachia, msuli usioachia haupati nguvu, unachoka tu. Mwongozo wanaoutumia Uingereza unasema angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3, ukiwa na mtu anayejua anayekusimamia, na ndo ninaoutumia na mimi. Ukishazoea ukiwa umelala, hamia kwenye kukaa, halafu kusimama, ongeza taratibu mpaka sekunde 10, na mwishoni weka mibano ya harakaharaka kadhaa kwa ajili ya chafya. Wiki mbili za kwanza utaona kama unapoteza muda. Msuli haujengeki kwa wiki mbili, hata wanaonyanyua vyuma gym wanalijua hilo.

Kuna ujanja mmoja unaweza kuanza nao leo: ukihisi kikohozi au chafya inakuja, bana kwanza, halafu kohoa ukiwa umebana. Ukinyanyua ndoo hivohivo, bana, toa pumzi, nyanyua. Na kwenye pambio bana kabla mguu haujatoka chini.

Vitu viwili usifanye. Usifanye zoezi huku unakojoa, watu wanashauriana sana hilo la kukata mkojo katikati, kujaribu mara moja ili uijue misuli sawa, ila kufanya kila siku kunavuruga kibofu na mkojo unabaki ndani. Na usipunguze maji ya kunywa, maana mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu, na choo kinakuwa kigumu, halafu kule kujikamua chooni kunaiangusha misuli ileile tunayoijenga. Kwa wenye vyoo vya kukaa, wekeni kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya kiuno, mwili uinamie mbele kidogo, haja itashuka bila kusukumana nayo. Choo cha kuchuchumaa kilikuwa kinatufanyia kazi hii bila sisi kujua.

Nimalizie na hili maana ni zito. Kama mkojo hauvuji kwa kicheko bali unatiririka wenyewe mchana na usiku, au haja kubwa inapita ukeni, na ilianza baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na fistula haiponi kwa mazoezi, inahitaji upasuaji kwanza. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanawatibu akina mama hawa bila malipo na walifika mahali pa kutuma nauli kwa M-Pesa kwa walioko mbali, na Kenya kuna hospitali ya Gynocare kule Eldoret. Ukimjua mama anayejifungia ndani kwa ajili ya harufu, mpelekee habari hii kwa mdomo wako, wengi wao gazeti haliwafikii. Na ukihisi kitu kama yai kinashuka ukeni, hasa jioni ukiwa umesimama siku nzima, nenda ukaangaliwe kama ni kizazi kimeshuka. Kikiwa kimeshuka kidogo mazoezi haya yanasaidia sana, kikiwa kimetoka nje daktari ataamua kama ni pete ya kukishikilia au upasuaji.

*

"Asalaam aleikum dada. Nina miaka 52, hedhi ilishakata. Mimi sio kicheko, mimi nikisikia maji ya bomba tu, au nikifika mlangoni natafuta ufunguo kwenye mkoba, mkojo unatoka kabla sijafika. Nikitawadha ndo balaa, maji yenyewe yananiita. Naenda chooni hata mara kumi na tano kwa siku, usiku mara nne. Nimeacha kwenda kwenye maulidi." Mwenye udhu usiokaa, Unguja

Waaleikum salaam dada yangu. Ya kwako ni ndugu ya ile ya Tabata ila sio hiyohiyo. Kwako kibofu chenyewe kinajikamua kabla hakijajaa, na kimeshajifunza ishara zake, maji, mlango, ufunguo. Halafu wewe kwa kuogopa ukawa unaenda "kabisa kabisa" kabla ya kutoka, kabla ya kulala, kabla ya kila kitu, na kibofu kikazoea kuita kikiwa na kikombe nusu tu wakati kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 300 mpaka 500.

Tunakifundisha upya. Siku tatu andika kwenye daftari saa uliyokwenda, na kama unaweza pima kiasi kwa kikombe cha zamani. Utaona wastani wako, tuseme ni kila baada ya dakika 50. Wiki hiyo usiende kabla dakika 60 hazijapita. Wiki inayofuata ongeza dakika 15, mpaka uwe unaenda kila baada ya masaa matatu hivi. Hamu ikija kwa nguvu usikimbie, kukimbia ndo kunakitikisa, simama pale ulipo au kaa, bana na kuachia harakaharaka mara tano sita, pumua taratibu, fikiria kitu kingine. Hamu inapanda kama wimbi halafu inashuka. Ikishashuka ndo utembee kwenda chooni, tembea, kama vile wewe ndo umeamua. Chai ya rangi, kahawa na soda punguza, hasa baada ya magharibi.

Kabla ya yote lakini kapime mkojo na sukari, maana kwenda sana chooni usiku kunaweza kuwa kisukari. Na mwulize daktari wa akina mama kuhusu krimu ya estrojeni, hedhi ikikata ngozi ya huko inakuwa nyembamba na kavu, na kibofu kinasumbuka. La udhu mwulize shehe wako, dini ina nafasi kwa mwenye udhuru wa namna hii, usiache swala wala maulidi kwa kudhani umefungiwa mlango.

*

"Dada habari. Nimeolewa miezi saba. Tendo la ndoa linaniuma vibaya sana, ni kama kuna ukuta, mara nyingi haiwezekani kabisa. Daktari amenipima anasema niko sawa. Shoga zangu wameniambia nifanye Kegel, mwingine kaniletea shabu nijisafishie. Mume wangu mpole ila naona ananyong'onyea." Bi harusi, Tanga

Mdogo wangu, vyote viwili acha leo. Shabu inakausha na kuchubua ngozi laini kuliko zote mwilini mwako, hakuna ugonjwa wa huko unaotibiwa na shabu, na uke unajisafisha wenyewe. Na Kegel ni ya misuli iliyolegea. Ya kwako haijalegea, imekaza na imesahau kuachia, ukiiongezea kubana ni kama kuvuta uzi uliokwisha kujifunga fundo.

Mtu akileta kidole karibu na jicho lako jicho linajifunga, hujaliamrisha. Na misuli ya chini ina tabia hiyo. Pengine usiku wa kwanza uliumia, pengine kabla ya ndoa ulijazwa hofu, au hakuna sababu unayoikumbuka, ila mwili ulijifunza kwamba hapa kuna kuumizwa, sasa unafunga mlango kabla ya kuguswa. Kitaalamu wanaiita vajinismasi. Maumivu yako ni ya kweli, hujifanyi, humkatai mumeo, na hakuna aliyekufunga kwa uchawi.

Kitu cha kwanza ninachowaambia wanandoa, na mara nyingi wanashangaa, ni muache kujaribu kwa muda. Wiki kadhaa. Kila mkijaribu ikauma, mwili unasema "si niliwaambia". Mapenzi mengine yote yaendelee, hilo moja lisubiri. Mumeo aje naye kliniki asikie kwa masikio yake, wanaume wengi wakishaelewa kwamba ni msuli na sio kukataliwa, wanakuwa wasaidizi wazuri mno.

Halafu pumzi. Lala, mkono mmoja tumboni, vuta pumzi mpaka chini kabisa, uhisi kama kule chini panafunguka kidogo na kushuka, kwa sababu ndivyo inavyokuwa kweli, pumzi ikiingia misuli ya sakafu ya nyonga inashuka. Dakika tano asubuhi na jioni. Mkao mwingine mzuri ni ule wa sujudi ila magoti yameachana, makalio yakae kwenye visigino, paji la uso chini, mikono umeinyoosha mbele, baki hapo upumue. Wengi wanaihisi ikiachia hapo kwa mara ya kwanza. Baadaye, ukiwa peke yako na mlango umefunga, kidole chako mwenyewe chenye mafuta ya nazi, nje kwanza, siku nyingine ncha tu, huku unapumua, na ukihisi inakaza unasimama hapohapo bila kusukuma wala kutoa, unasubiri iachie (mafuta ya nazi yasitumike na kondomu, yanaiharibu). Fizio aliyesomea afya ya wanawake atakuongoza kwa vipanuzi vya saizi mbalimbali, kuanzia kidogo cha kama kidole. Usukani unao wewe mwanzo mpaka mwisho. Inachukua wiki, kwa wengine miezi, na nimewaona wanaofika wanalia wakaja kuniletea habari za ujauzito.

Kama kuna kovu la ukeketaji, fangasi zinazorudirudi, au hedhi inayokulaza kitandani, mwambie daktari hayo waziwazi, maana hayo yanataka matibabu yake.

Na ombi kwa makungwi na akina somo wanaosoma hapa, nawaheshimu sana: mnawafundisha mabinti kubana, wafundisheni na kuachia.

*

"Dada fizio mambo. Naendesha boda Morogoro, miaka 29. Mgongo wa chini unaniuma unashuka tako la kushoto mpaka shavu la mguu, wiki ya tano hii. Niliuza mbuzi nikapiga picha ya MRI wakasema diski imetokeza. Nimeambiwa nilale mwezi mzima. Pikipiki ni ya mkataba, nisipopeleka hesabu inachukuliwa. Nimenunua mkanda wa kiuno. Nitapooza?" Boda wa Msamvu

Poa mdogo wangu. Kwa hayo uliyoniandikia sioni dalili ya kupooza, ila jiulize kwanza haya: je, ganzi ipo pale panapogusa siti, yaani katikati ya mapaja na sehemu za siri? Mkojo umeziba au unatoka bila kujua, au haja kubwa? Mguu unaishiwa nguvu, nyayo inaburuza? Likiwepo hata moja usisubiri asubuhi, nenda hospitali ya rufaa leo usiku, hiyo ni dharura ya upasuaji na masaa yana maana. Na kama kuna homa za usiku, jasho na kupungua uzito, wakuangalie TB ya mgongo. Kama hamna, tuendelee.

Hilo neno "diski imetokeza" (diski ni kile kimto kati ya pingili za mgongo) linawatisha watu kuliko linavyostahili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, wazima kabisa, na wenye miaka 20 tu asilimia 37 walionekana diski zimeanza kuchakaa, kwa wenye miaka 80 ni asilimia 96. Sisemi diski yako haihusiki, mguu kuuma hivo inawezekana mshipa wa fahamu umeguswa, ila diski iliyotokeza mara nyingi inanywea yenyewe ndani ya wiki na miezi, na wengi wanapona bila kisu.

Kulala mwezi mzima hapana. Siku moja mbili za maumivu makali pumzika, baada ya hapo mwili unataka kutembea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini (maumivu ya mgongo wa chini kwa ujumla mwaka 2020 yaliwapata watu milioni 619 duniani), na wakataja mikanda ya kiuno miongoni mwa vitu wasivyovishauri. Uliyonayo ukikupa nafuu kwenye barabara ya mashimo vaa safari hiyo, ukishuka vua. Usiuachie ufanye kazi ya misuli yako.

Kila ukishusha abiria, shuka na wewe. Usikae juu ya tangi kijiweni saa zima, tembea mpaka kwenye lile duka na kurudi, weka mikono kiunoni jinyooshe nyuma mara tano sita taratibu. Nyumbani lala kifudifudi ujiegemeze kwenye viwiko dakika mbili, maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi mgongoni ni dalili njema hata kama mgongo umeuma kidogo zaidi, yakishuka kwenda kwenye unyayo acha, uje tuangalie mkao mwingine. Halafu lala chali kunja magoti nyanyua makalio, mara 10, raundi tatu. Mishikaki ya abiria wawili na magunia ya mkaa nyuma, mwezi huu kataa. Na kama kijiweni mnaweza kupokezana safari ndefu, ongea na wenzako, na wao migongo inawauma, hawasemi tu.

*

"Dadangu, niko Mombasa, nimejifungua wiki sita. Mamangu ananifunga mkaja kila asubuhi mpaka siwezi kupumua, asema tumbo litarudi. Nimeona katikati ya tumbo kuna shimo nikiinuka. Ni sawa?" Mzazi mpya, Likoni

Hongera mamii. Mkaja una faida yake, unashikilia mgongo na tumbo wakati misuli imechoka, na lile la mama kukuhudumia usiliache likupite. Ila ukibana mpaka pumzi inakatika, presha inaenda wapi? Inashuka chini kwenye misuli iliyotoka kujeruhiwa. Mwambie mama kwa adabu aulegeze mpaka mkono upite, na uanze chini kupanda juu, sio juu kushuka chini.

Lile shimo ni misuli ya tumbo imeachana, mimba inafanya hivo kwa karibu kila mtu. Lala chali, nyanyua kichwa kidogo, weka vidole juu ya kitovu, ukiona vinaingia zaidi ya viwili tafuta fizio. Kwa sasa ukiinuka kitandani geukia ubavu kwanza, usijinyanyue kama anayefanya sit-apu, na ukitoa pumzi vuta kitovu ndani taratibu. Na kama ulijifungua kwa opareshen, maji ya moto ya kukandwa yasiguse mshono.

*

"Binti yangu, habari za kazi. Nina miaka 69, nimefanyiwa upasuaji wa tezi dume mwezi wa tatu sasa. Mpira wa mkojo ulitolewa vizuri lakini nikiinuka kwenye kiti mkojo unadondoka. Nimeacha kwenda kanisani na kwenye vikao vya ukoo. Haya mazoezi ya akina mama yanaweza kunisaidia na mimi?" Mzee, Moshi

Shikamoo baba. Asante kwa kuandika, maana wanaume wa umri wako hawaandiki, na najua vikao vya ukoo bila wewe vinapwaya.

Mazoezi sio ya akina mama, misuli hii unayo na wewe, imelala palepale kutoka kinenani mpaka kifandugu. Tezi dume inakaa njiani mwa mkojo, ikifanyiwa upasuaji sehemu ya kufunga mkojo inatikisika, na misuli ya chini inabidi ichukue zamu kubwa zaidi. Wengi wanaendelea kupata nafuu mwezi hadi mwezi, hata mpaka mwaka, kwa hiyo miezi mitatu sio mwisho wa safari.

Simama mbele ya kioo umevua nguo. Bana kama unazuia mkojo huku unavuta uume urudi ndani na korodani zipande, kama mtu anayeingia kwenye maji ya mto wa Kilimanjaro asubuhi. Ukiona zimepanda kidogo na makalio yametulia, umeipata. Fuata hesabu ileile niliyompa mama wa Tabata, mibano 8 mara 3 kwa siku, na kuachia kabisa kila mara. Kwa kuwa uko Moshi, hospitali ya KCMC iko jirani na wana fizio, waambie waziwazi kwamba ni mkojo baada ya tezi dume. Ukiona damu, mkojo umeziba au unawaka na homa juu, rudi kwa daktari aliyekupasua.

Na kwenye kiti, sogea mpaka ukingoni, weka nyayo chini, bana kwanza, toa pumzi, ndo unyanyuke ukiwa umebana, ukishasimama wima ndo uachie. Anza na kile kigumu cha mezani, mara kumi asubuhi na kumi jioni, kile cha sebuleni kinachozama kiache mpaka mwezi ujao.